Maji ya Birika la Bi Zuhura

Karibu na ninapoishi sasa, hapa Nanyuki, kuna fundi wa magari ambaye hunyoosha ringi za magurudumu kwa nyundo. Siku nyingi naisikia kama kelele tu. Lakini zipo asubuhi za baridi, ukungu ukiwa umekaa chini, ambapo chuma kile hulia kwa sauti ndefu inayotetema, nami huacha ninachofanya. Kama ni sufuria naosha, naiweka chini. Hasira hunipanda kutoka tumboni mpaka masikioni. Majirani wananijua kuwa mama mpole asiyegombana na mtu. Hawajui. Nawaambia nyinyi mnaosoma kwa sababu hamtanikatiza.

Katika kigango chetu kule Karatina hatukuwa na kengele. Tulikuwa na ringi ya lori iliyoning'inizwa kwa mnyororo kwenye mti wa muringa, na Mwalimu Anselimo, katekista wetu, aliigonga kwa boliti kubwa. Aliigonga Jumapili kutuita, na aliigonga polepole Mkristo alipofariki: pigo moja, kimya, pigo jingine. Wanawake sokoni waliacha kupima maharagwe wakaulizana, "Ni nani huyo ametuacha?" Ndugu yangu alipokufa, ringi haikugongwa. Hilo ndilo jambo ninalotaka kuwaeleza.

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru, nami nilikuwa na miaka kumi. Tuliishi Majengo katika chumba kimoja cha mabati. Mama aliuza viazi na karoti sokoni, na baba alikuwa mpishi kwenye ranchi ya Mzungu upande wa Nanyuki, akija nyumbani mwisho wa mwezi. Shamba hatukuwa nalo. Wakati wa vita vya kudai Uhuru, mashamba yalipokuwa yakipimwa na kuunganishwa, baba alikuwa kizuizini, na alipotoka alikuta shamba lake lina jina la binamu yake. Hakulizungumzia sana. Alisema tu kwamba kuna watu ambao Mungu aliwapa kalamu na wengine aliwapa mgongo.

Baba na mama walioana kwa desturi yetu. Mbuzi walipelekwa, pombe ikanywewa, wazee wakabariki. Kanisani hawakufunga ndoa, na kwa Mwalimu Anselimo hilo lilikuwa donda. "Ndoa yenu ni ya mbuzi," alimwambia mama mbele ya watu. Baba aliposikia, alimfuata siku ya soko akamjibu, naye mbele ya watu: "Mwalimu, hao mbuzi wangu angalau walijulikana baba yao. Wewe uliletwa na nani?" Watu walicheka mpaka mfanyabiashara mmoja akaangusha debe la mahindi. Mwalimu hakucheka. Kumbukeni hilo. Mimi nililisahau kwa miaka mingi.

Ndugu yangu aliitwa Ndegwa, jina la babu yetu mzaa mama, maana kwetu mtoto wa kiume wa pili hupewa jina hilo hata kabla hajafumbua macho vizuri. Wa kwanza hakuishi. Ndegwa alikuwa na mashavu mazito na shingo yenye mikunjo ambayo maziwa yalijificha ndani yake yakachacha, hivyo daima alinukia kama kibuyu. Alicheka kuku. Kuku akipita tu mlangoni, alicheka hadi akapata kwikwi. Aliishi miezi saba.

Mara tatu mama alimpeleka aandikwe kwenye orodha ya ubatizo, kwa sababu padri alikuja kigangoni petu mara moja kwa mwezi na asiyeandikwa hakubatizwa. Mara tatu alirudishwa.

"Funga ndoa kwanza," Mwalimu alisema.

"Mtoto amekosa nini, Mwalimu?"

"Hajakosa. Ni wewe umemkosea."

Mimi mwenyewe nilikuwa nikijiandaa kubatizwa, kwa maana nilikuwa mkubwa wa kujibu maswali na, kama Mwalimu alivyopenda kusema, sikuulizwa habari za mbuzi wa wazazi wangu. Kila Jumamosi alasiri tulikaa kwenye mabenchi ya kigango, miguu ikiwa imechafuka matope mekundu, tukakariri. Tulijifunza kwa Kiswahili, kwa kuwa kati yetu walikuwepo watoto wa polisi waliotoka magharibi na hawakujua Gikuyu. Ah, maneno yale! Dhambi ya asili. Neema ya utakaso. Sakramenti. Toharani. Sikuyaelewa, lakini niliyapenda mdomoni, yalikuwa mazito kama miwa. Nilikuwa na kumbukumbu nzuri na nilijivunia sana. Mwalimu alianza swali, nami nilimaliza jibu kabla hajafunga kinywa.

Swali mojawapo liliuliza nani anaweza kubatiza. Jibu: kwa kawaida padri, lakini wakati wa hatari ya kufa mtu yeyote anaweza, tena inampasa. Mwalimu hakutaka tukariri tu jibu hilo. Alituletea magunzi ya mahindi yaliyofungwa vitambaa kama watoto, na kila mmoja wetu alimwaga maji kwenye gunzi lake akisema, "Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Ochieng', mtoto wa konstebo, alibatiza gunzi lake jina la Simba, akachapwa viboko viwili, na gunzi likabaki Simba hata hivyo. Kisha Mwalimu alitutazama kwa uso wa kweli. Nitasema ukweli juu yake, alikuwa mwalimu mzuri. Akatuambia: "Mkiona mtoto wa jirani anakata roho, msikimbie kuniita mimi. Atakufa nikiwa njiani. Chukueni maji."

Hakuna hata mmoja wetu kwenye mabenchi yale aliyekuwa amebatizwa.

Julai ile baridi ilikuwa mbaya. Mlima ulijifunika wiki mbili, moshi wa jikoni haukupanda, ulilala chini kama mbwa. Ndegwa alianza kukohoa Ijumaa. Kufikia Jumanne kifua chake kililia kama mlango, na mbavu ziliingia ndani kila alipovuta pumzi. Mama alimfunga kwa blanketi, akaniweka kitandani naye mapajani mwangu.

"Naenda sokoni kutafuta lori la kutupeleka hospitali Nyeri," alisema. "Usimlaze. Akilala atashindwa kupumua. Unasikia wewe?"

"Nasikia, mama."

Chumba kilichopakana na chetu kilikuwa cha Bi Zuhura, mjane wa askari. Alikuwa Mwislamu, alikaanga mandazi ya iliki yaliyotufanya sote tuwe marafiki zake, na alikuwa na birika la bati la kutawadhia ambalo hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuligusa. "Hilo ni la udhu," alitufokea. "Nyie mnashika mbwa halafu mnashika birika langu!" Kwa hiyo neno udhu nililijua kabla ya neno sakramenti, na najisi nililijua kabla ya dhambi.

Sijui nilikaa muda gani. Midomo ya Ndegwa iligeuka rangi ya wino. Nilipiga kelele, na Bi Zuhura akaja na unga mikononi. Alimchukua, akamwegemeza kifuani, akamsikiliza.

"Wangechi," alisema polepole, "huyu anaondoka."

Niliangalia debe letu la maji. Lilikuwa tupu. Nikamwambia, "Nataka maji."

"Ya kunywa?"

"Ya kumbatiza."

Aliniangalia. Mpaka leo naona macho yake, yalivyonipima. Kisha akasema, "Birika liko mlangoni. Maji ni safi, nimeyachota sasa hivi. Fanya upesi."

Nilileta birika. Yeye mwenyewe alimfunua paji la uso, akalifuta unga aliokuwa amempaka bila kujua, akashika kichwa kiinamie upande. Nilimwaga maji nikasema maneno yote, kwa utaratibu ule ule wa gunzi, bila kuruka hata moja. Nikamwita Ndegwa. Maji yalikuwa baridi. Alishtuka, akafumbua macho na kunikunjia uso, vile alivyokuwa akimkunjia mama alipomwosha asubuhi. Alikuwa hai. Naapa kwenu alikuwa hai. Upande wangu mimi nilikuwa nasema Baba Yetu, na juu ya kichwa changu Bi Zuhura alikuwa akisoma kwa Kiarabu, na hatukugongana.

Alikufa kabla lori halijafika. Mama aliingia na dereva nyuma yake, dereva akavua kofia.

Mama hakulia. Alimfunga Ndegwa katika leso yake ya maua ya manjano, akanishika mkono, tukaenda kwa Mwalimu Anselimo. Njiani nilimweleza nilichofanya. Alisimama katikati ya barabara, akaniangalia kana kwamba nimempa kitu cha kula baada ya njaa ya siku nyingi. "Ni kweli? Ulisema yote?" Nilisema yote, mama. Akaanza kutembea upesi. Alikuwa karibu kukimbia.

Mwalimu alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya nyumba yake akishona kiatu. Mama alisema, "Mwalimu, mtoto ametuacha. Lakini alibatizwa. Naomba umgongee, na azikwe ndani."

Ndani maana yake ni ndani ya ua wa kai-apple uliozunguka makaburi ya kigango, ua wenye miiba mirefu kama kidole. Nje ya ua, upande wa bondeni, walizikwa wasiobatizwa, hapo mbuzi walipolishwa.

"Alibatizwa na nani?" Mwalimu aliuliza.

"Na mimi, Mwalimu," nikasema. Nilidhani atanisifu. Mwaweza kuamini? Nilisimama wima kama siku ya mtihani.

"Kwani wewe umebatizwa?"

"Bado, Mwalimu. Lakini ulitufundisha…"

"Asiye na kitu atatoa nini? Maji ulitoa wapi?"

"Kwa birika la Bi Zuhura."

"Ati birika ya Waislamu!" Alicheka kidogo, puani. "Na jina? Ulimpa jina gani la mtakatifu?"

"Ndegwa."

"Mtakatifu Ndegwa," alisema, na akarudi kwenye kiatu chake. "Mama Wangechi, pole sana. Mtoto huyu hakubatizwa. Huyu msichana amecheza na maji tu. Atazikwa nje."

Mama alisimama pale na mzigo wake. Baadaye aliuliza kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, sauti ya mtu anayeulizia njia: "Sasa yuko wapi?"

"Limbo."

"Limbo ni wapi?"

"Ni mahali pa watoto kama hao. Hakuna moto, usiogope. Lakini uso wa Mungu hatauona."

"Na mimi nikijitengeneza? Nikifa nikiwa mwema, nitamwona huko mbinguni?"

Mwalimu Anselimo alivuta uzi, akaukata kwa meno. "Hapana," alisema. "Wewe utakuwa pengine na yeye atakuwa pengine. Hamtaonana."

Nimesikia mara nyingi kwamba maneno matupu hayavunji mfupa. Aliyesema hivyo hakumwona mama siku ile.

Tulimzika nje ya ua. Majirani wawili walichimba, Bi Zuhura akasimama mbali kidogo akiwa amejifunika, na cucu yangu, mama yake mama, akashuka kutoka mlimani akiwa amechelewa, na miguu yake imejaa umande. Baba alikuja Ijumaa, akaenda kulitazama lile kaburi dogo, akarudi Nanyuki.

Kwa wiki kadhaa sikuwa na kazi nyingine ila kuuliza. Nilitaka kujua ndugu yangu yuko wapi, na niliuliza kila mtu aliyeonekana kuwa na Mungu wa aina yoyote.

Cucu nilimuuliza tukimenya viazi. Yeye hakuwa na hofu ya kusema mambo. "Zamani," aliniambia, "hatungemzika. Tungempeleka msituni tukamwachia fisi, na hakuna ambaye angemhukumu. Mtoto mdogo hana ngoma ya kusumbua watu." Ngoma kwetu ni roho za waliokufa. Kisha akamtazama mama aliyekuwa amejikunyata pembeni. "Thahu ndiyo inanisumbua. Mama yako amebeba maiti mikononi, na hakuna aliyemtakasa. Mtu wa thahu hukauka taratibu." Thahu ni unajisi unaomshika mtu, nao huondolewa kwa mbuzi na mganga. Hatukuwa na mbuzi, na mama alikuwa amekataza mganga kwa sababu ya kanisa. Hivyo alibaki na thahu ya cucu na dhambi ya Mwalimu, zote mbili mgongoni mwake mmoja.

Mzee Ramji, Mhindi wa duka la nguo, nilimuuliza nilipotumwa kununua uzi. Kwenye kona ya duka lake kulikuwa na picha ya mungu mwenye kichwa cha tembo, na asubuhi aliiwekea ua na kijiti cha udi. Puja, alikuwa akiita. Tulijua watu wake huchoma wafu wao, na sisi watoto tuliogopa sana habari hizo. Nilimuuliza kama mtoto wa miezi saba naye huchomwa. Alishtuka.

"Hapana! Kubwa tu nachoma. Toto dogo nazika. Moto ni ya kusafisha, na toto dogo iko safi tayari." Alipima uzi kwa mkono, akaongeza, "Atma, hiyo roho yake, hapana kufa. Karma, hiyo kazi yake ya hapa, ilikuwa kidogo tu. Atarudi. Pengine nyumba yenu, pengine nyumba nyingine. Hapana lia."

Nilitaka kumpenda Mzee Ramji kwa neno lile, safi tayari. Lakini nilipoomba maji, mke wake alinimiminia viganjani kutoka juu, kikombe kisinikaribie, vile alivyofanya siku zote kwa sisi weusi. Nilikunywa. Nilijiuliza, kama ndugu yangu yuko safi na ni wa tumbo moja nami, mimi nilichafuka lini?

Bi Zuhura nilimuuliza mwisho, kwa sababu nilikuwa nimeanza kumchukia. Nitasema ukweli wote au nisiseme kabisa. Nilikuwa nimeamua kwamba birika lake ndilo lililoharibu. Lingekuwa debe letu, Ndegwa angekuwa mbinguni. Sikula mandazi yake tena, na aliponisalimia niliangalia chini.

"Wangechi, mbona wanikimbia? Nimekukosea nini, mwanangu?"

"Ndegwa yuko wapi?" nilimuuliza kwa ukali.

"Peponi," alijibu mara moja, bila hata kufikiri. "Kila mtoto huzaliwa katika fitra, ile hali safi aliyomuumba nayo Mwenyezi Mungu. Akifa mdogo yuko peponi, analelewa na Nabii Ibrahimu." Kisha akashusha pumzi. "Wakubwa ndio tuna kazi. Lau mama yako angesilimu, angekuwa na yakini ya kumpata."

Kumbe na yeye alikuwa na ua wake. Wa maneno matamu, lakini ua. Nilimwambia, "Maji yako ni ya Waislamu, ndiyo maana yalikataa." Aliingia ndani. Mwaka uliofuata alihamia kwa dada yake Nyeri, na sikumwomba msamaha. Wakati nilipojua kwamba ninapaswa kumwomba, alikuwa ameshakufa.

Mama alimshinda baba mwishowe, wakafunga ndoa kanisani. Pasaka nilibatizwa, nikaitwa Monika. Mama akawa mwanamke wa kanisa kuliko wote: alifagia kigango, aliosha nguo za altare, alisali rozari hata akiwa anapakia karoti. Mwalimu Anselimo alimtaja kama mfano. Wengine waliona imani. Mimi niliishi naye. Kila Jumapili, misa ikiisha, alizunguka ua, akasimama upande wa bondeni penye majani marefu, mikono ikiwa imeshika leso. Hakuwa anamuombea Ndegwa aende mbinguni. Aliniambia siku moja kwamba mtoto wa limbo haombewi, haisaidii. Alikuwa anasimama tu naye, maana hawangeonana tena. Alifanya hivyo miaka kumi na tisa, kisha akafa kwa moyo, naye akagongewa ringi, akazikwa ndani.

Mimi nilisoma mpaka darasa la saba. Nilipata kazi ya kufua mashuka katika hospitali ndogo ya misheni, na huko ndiko nilikokuwa miaka mitatu baada ya mama kufa, siku mtawa aliyesimamia wodi ya wazazi alipotukusanya sote: wauguzi, wapishi, wafagiaji, na sisi wa dobi. Watoto walikuwa wakifa kabla padri hajafika, akasema, kwa hiyo kila mfanyakazi lazima ajue kubatiza. Hassani, mlinzi, akainua mkono. "Na mimi Mwislamu je, Sista?"

"Hata wewe," alisema. "Hata asiyebatizwa. Hata asiyeamini. Inatosha atake kufanya kile ambacho kanisa hufanya, amwage maji na aseme maneno."

"Maji gani?" niliuliza.

"Yoyote, Monika. Hata ya ndoo ya kupigia deki, kama hakuna mengine."

"Na jina?"

"Jina si lazima. Mungu anawajua."

Nilikuwa nimekumbatia furushi la mashuka. Nililibana mpaka mikono ikafa ganzi. Watu wakatawanyika, Hassani akaniuliza kama naumwa, nami nilikuwa nahesabu Jumapili za mama, nikashindwa.

Nilikwenda Karatina siku yangu ya mapumziko. Mwalimu Anselimo alikuwa mzee, ukatekista ameuacha, ameketi uani akigeuza kahawa iliyoanikwa juu ya mkeka. Alinijua mara moja. "Monika wa Mama Wangechi! Mwanafunzi wangu!" Akaagiza chai.

Nilimweleza alichosema mtawa. Nilidhani atabisha, na nilikuwa tayari, nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nilidhani pia, Mungu anisamehe, kwamba huenda hakujua, kwamba na yeye alikuwa na darasa la nne tu na kijitabu kimoja.

"Nilijua," alisema.

Aliendelea kugeuza kahawa kwa kiganja. "Si mimi niliwafundisha? Nilijua. Lakini baba yako alinifanya nichekwe sokoni mbele ya watu. Na wanawake wa mbuzi walikuwa wengi hapa. Ningemkubali huyo mmoja, nani angeogopa? Mama yako si alifunga ndoa mwaka huo huo? Wengine sita wakamfuata. Kanisa lilikua."

"Alikufa akiamini hatamwona mtoto wake."

"Alikufa Mkristo safi," alisema, na akanisogezea kikombe.

Niliinywa chai ile. Mnasikia? Nilifunzwa adabu, mkubwa akikupa kikombe unapokea kwa mikono miwili, na nilipokea kwa mikono miwili, nikanywa mpaka chini, nikasema asante. Nimewahi kumsamehe Mwalimu siku mbili tatu, zikapita. Nafsi yangu sijaisamehe kwa kikombe kile.

Wajukuu wangu wamekuwa wakubwa sasa, na padri wa hapa ni kijana anayevaa raba. Siku moja nilimuuliza habari za limbo. Alitabasamu kwa upole. "Hilo neno hatulifundishi tena, cucu. Lilikuwa maoni tu ya wasomi wa zamani. Tunawakabidhi watoto kwa huruma ya Mungu."

Maoni tu. Walilivua neno kama koti kuukuu, wakalining'iniza kwingine, wakaendelea na safari. Wala sikusikia kwamba kuna mtu aliyetumwa kupita milango ya akina mama waliosimama nje ya ua kuwaambia kwamba wanaweza kuketi.

Nikiwa mtoto nilidhani maneno yale makubwa ni ramani, kwamba kila dini imechora yake, na kazi yangu ni kutafuta iliyo sahihi nimpate ndugu yangu. Nilichelewa kuelewa kwamba wakati mwingine mtu hachukui neno la Mungu ili akuonyeshe njia. Hulichukua kwa sababu ni fimbo ndefu kuliko zote nyumbani. Na nilichelewa zaidi kuelewa kwamba siku ile, katika chumba chetu cha mabati, aliyetenda kama kitabu kilivyoagiza alikuwa mwanamke aliyenishikia kichwa cha mtoto akaniambia nifanye upesi.

Baada ya maneno ya yule padri nilipanda gari mpaka Karatina, nikatafuta kaburi la mama kati ya misalaba iliyolala. Sikuleta maua. Niliinama nikamwambia kwa Gikuyu, kwa sauti, kama mtu anayepeleka salamu zilizochelewa: "Mama, Ndegwa alibatizwa. Ilitosha. Ilitosha tangu siku ile."

Sijui kama wafu husikia. Kila dini ina neno lake kuhusu hilo, na siku ile sikutaka kusikia hata moja.